Mshale wa hofu na tamaa: tathmini ya kipimo cha CNN cha hisia za soko la hisa

Kati ya vyombo vingi anavyopewa bure mwekezaji wa kawaida mtandaoni, hakuna kinachonasa jicho haraka kama kipimo cha nusu duara ambacho CNN imekuwa ikikichapisha tangu mwaka 2012 kwa jina la Fear & Greed Index. Kina mshale mmoja, rangi chache, na namba moja tu kati ya 0 na 100. Mshale ukilala kushoto, chini ya 25, maana yake umati wa wawekezaji umeshikwa na hofu kuu. Ukilala kulia, juu ya 75, umati umelewa tamaa. Ukisimama katikati, hakuna upande ulioushinda mwingine. Nimekitazama kwa miaka kadhaa, aghalabu kwa faida na mara moja kwa hasara niliyojitakia mwenyewe, na katika muda huo nimefikia uamuzi ambao sikuutarajia nilipoanza: pande mbili za kipimo hiki hazina thamani sawa, na anayezisoma kana kwamba zinalingana atakuja kulipia kosa hilo.

Namba hiyo haitokani na kura ya maoni wala na maneno ya watu, bali na viashiria 7 vinavyopewa uzito sawa. Kiashiria cha kwanza hulinganisha faharisi ya S&P 500, inayobeba makampuni makubwa 500 ya Marekani, na wastani wake wa siku 125. Cha pili huhesabu ni hisa ngapi katika Soko la Hisa la New York zimegusa bei yao ya juu kabisa ya wiki 52 na ngapi zimegusa ya chini kabisa, na cha tatu hutazama kama wingi wa biashara uko kwenye hisa zinazopanda au zinazoshuka. Kisha kuna mikataba inayompa mtu haki ya kununua au kuuza kwa bei iliyokwisha kupangwa: wanaotafuta haki ya kuuza, yaani wanaojikinga na anguko, wakiwazidi wanaotafuta haki ya kununua, hofu huhesabiwa kuwa imepanda. Cha tano ni VIX, kipimo cha mtikisiko wa bei unaotarajiwa, ambayo nitairudia. Cha sita hulinganisha faida iliyopatikana katika hisa na ile iliyopatikana katika hatifungani za serikali, yaani hati za mikopo ambayo serikali huchukua kwa wawekezaji, kwa siku 20 zilizopita, na cha mwisho hupima pengo la riba kati ya hatifungani za makampuni yenye sifa duni ya kulipa madeni na zile za makampuni imara. Kila kimoja hupimwa kwa umbali wake kutoka hali yake ya kawaida, kisha hutafutwa wastani wa vyote.

Hapo ndipo kasoro ya kwanza inapojitokeza, na si ndogo. Viashiria vinne kati ya hivyo saba huzaliwa na bei za hisa zenyewe. Soko likishuka kwa wiki mbili mfululizo, S&P 500 itakuwa imesogea chini ya wastani wake, hisa zinazogusa bei ya chini zitakuwa zimeongezeka, biashara itakuwa imeelemea upande wa kushuka, na hatifungani za serikali zitakuwa zimezipita hisa kwa faida; mshale utaanguka kushoto hata kama hakuna mtu aliyebadili mawazo yake kuhusu kesho. Ni sawa na daktari anayeweka vipimajoto vinne katika kwapa moja, kisha anatangaza kwamba homa imethibitishwa mara nne. Anayefungua ukurasa huo siku ambayo soko limeanguka kwa asilimia 3 akakuta neno "hofu" hajaambiwa jambo jipya. Ameambiwa tena kwamba bei zimeshuka, safari hii kwa lugha ya moyo.

Viashiria vitatu vilivyobaki ndivyo vinavyokipa chombo hiki uhai, kwa sababu vinaonyesha watu wanalipa kiasi gani ili wapate usingizi. VIX hukokotolewa na soko la Cboe kutokana na bei za mikataba ya haki iliyofungwa na S&P 500, na hueleza ukubwa wa mtikisiko ambao wanunuzi na wauzaji wa mikataba hiyo wanautarajia katika siku 30 zijazo. Ilianzishwa mwaka 1993, kanuni yake ikabadilishwa mwaka 2003, na wastani wake wa muda mrefu hauko mbali na 20. Bima ya moto ikipanda bei ghafla kwa mtaa mzima, tunajua kwamba wenye nyumba wameanza kunusa moshi. VIX na mikataba ya kujikinga ni bei ya bima hiyo, na pengo la riba ni malipo ya ziada anayodai mkopeshaji aliyeingiwa na wasiwasi. Mbele ya watu mtu anaweza kujitia ushujaa, lakini ni vigumu kujitia ushujaa kwa fedha zake mwenyewe.

Hata hivyo, ndani ya kipimo hiki VIX hailinganishwi na historia yake yote bali na wastani wake wa siku 50, na uamuzi huo una athari ambazo watumiaji wengi hawazioni. Tarehe 20 Novemba 2008 VIX ilifunga siku ikiwa 80.86. Tarehe 9 Machi 2009, siku ambayo S&P 500 ilifika chini kabisa katika anguko lile, VIX ilikuwa karibu 50, kiwango ambacho katika mwaka wa kawaida kingeonekana kama kiama; lakini kwa kuwa miezi iliyotangulia yote ilikuwa ya kutisha, wastani wake nao ulikuwa juu mno, na tofauti kati ya namba hizo mbili haikuwa ya kushangaza. Umati uliozoea maumivu huonekana kama umepona. Kinyume chake, baada ya miezi mirefu ya utulivu ambayo VIX imekaa kwenye 12 au 13, kupanda kwake hadi 20 tu kunatosha kuusukuma mshale kushoto kana kwamba dunia inafika mwisho. Ndiyo maana nawashauri wanaokitumia wasiishie kwenye mshale, bali washuke chini ya ukurasa, ambako kila kiashiria kina mchoro wake, na wautazame ule wa VIX kwa namba zake halisi.

Lakini kwa nini mwenye akiba yake aijali hofu ya wengine? Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba binadamu hapimi faida na hasara kwa mizani moja, na makadirio yao ya baadaye yaliweka uchungu wa kupoteza kiasi fulani kuwa karibu mara mbili ya furaha ya kukipata. Hilo peke yake linasaidia kueleza kwa nini masoko mara nyingi hupanda kwa mwendo wa kobe na kushuka kama jiwe lililoachiwa. Umati, hata hivyo, huongeza jambo lake. Mwekezaji hana hakika na thamani halisi ya hisa aliyoishika, kwa hiyo huangalia wenzake wanafanya nini, akidhani kwamba wanajua asichokijua yeye. Naye akiuza, kuuza kwake kunakuwa ushahidi kwa anayefuata, ambaye hatambui kwamba nyuma ya ushahidi huo hakuna kitu ila ushahidi wa mwingine aliyeogopa kabla yake. Kiswahili kina neno linaloliweka jambo hili mahali pake, nalo ni mkumbo. Mtu aliyekumbwa na mkumbo hajashawishiwa kwa hoja; amechukuliwa kama anavyochukuliwa na maji ya mto, huku miguu yake ikiendelea kupiga hatua na yeye akiamini kwamba ndiyo inayomwongoza. (Sitamchosha msomaji na maua ya tulipu ya Uholanzi, ambayo bei yake iliporomoka mwaka 1637, na ambayo kila anayeandika juu ya saikolojia ya masoko hujiona ana deni la kuyasimulia.)

Sasa nije kwenye upande wa kushoto wa kipimo, ambao ndio bora. Hofu ya umati ina kikomo cha kimaumbile: mwenye hisa anaweza kuuza alizo nazo tu, na akishaziuza zote hana tena cha kuuza. Kadiri wanaotaka kukimbia wanavyozidi kuwa wameshakimbia, ndivyo bei inavyobaki mikononi mwa wale wasiotishika au wale waliokuwa wakisubiri na fedha taslimu. Tarehe 19 Februari 2020 S&P 500 ilifunga ikiwa 3,386.15, na tarehe 23 Machi ilifunga ikiwa 2,237.40, anguko la asilimia 34 ndani ya wiki tano. Katikati ya Machi mshale wa CNN ulikuwa umeshuka chini ya 10, na VIX ilifunga kwa rekodi ya 82.69 tarehe 16, wiki moja kamili kabla ya bei kufika chini kabisa. Mwezi Agosti mwaka huo huo faharisi ilikuwa imerudi ilikotoka. Jambo kama hilo lilijirudia kwa kasi zaidi Aprili 2025, baada ya Marekani kutangaza ushuru mkubwa wa bidhaa kutoka nje: mshale ulishuka tena chini ya 10, S&P 500 ikafunga ikiwa 4,982.77 tarehe 8, na siku iliyofuata, ushuru huo ulipoahirishwa kwa nchi nyingi, ikapanda kwa asilimia 9.5. Aliyekuwa amekubaliana na hofu ya umati akauza jioni ya tarehe 8 alikosa, kwa saa chache, mojawapo ya siku bora kabisa za faharisi hiyo.

Katika mfano wa 2020 kuna jambo ambalo kipimo hulionyesha vizuri kwa anayejua kulitazama, nalo ni kwamba hofu inaweza kufika kileleni kabla bei haijafika chini. Siku ile ya Novemba 2008 VIX ilipokuwa 80.86, S&P 500 ilifunga ikiwa 752.44, lakini bei ya chini kabisa, 676.53, ilikuja zaidi ya miezi mitatu baadaye, wakati VIX ikiwa imeshapungua sana. Kwa maneno mengine, wauzaji wa mwisho hawakuuza kwa taharuki bali kwa kuchoka. Walikuwa watu waliovumilia mwaka mzima na zaidi, wakajiambia kwamba hawataki tena kusikia neno hisa, wakaondoka kimya kimya. Hisia hiyo ya kukata tamaa haina sura ya kuvutia, haipandishi bei ya bima, na katika kipimo hiki haina kiashiria chake.

Ndiyo sababu hata upande wa hofu hauwezi kusomwa kama saa. Mwaka 2022 ulikuwa somo la polepole. S&P 500 ilifika kileleni tarehe 3 Januari ikiwa 4,796.56 na haikupata mahali pa kutua hadi tarehe 12 Oktoba, ikiwa 3,577.03, baada ya kupoteza robo ya thamani yake. Mshale uliingia katika hofu kuu mara kadhaa katika miezi hiyo, na aliyenunua katika hofu ya Mei alilazimika kuiona hofu ya Juni kwa bei ya chini zaidi, kisha ya Septemba na Oktoba. Hakuwa amekosea kwa mtazamo wa miaka, lakini kama fedha zile zilikuwa za karo au za kodi ya nyumba, miaka haikuwa na msaada kwake. Hata Warren Buffett, mwekezaji tajiri wa Marekani, aliyeandika hadharani Oktoba 2008 kwamba ananunua hisa za Marekani kwa sababu wengine wameshikwa na hofu, alishuhudia soko likiendelea kushuka kwa karibu miezi mitano. Yeye alikuwa na mtaji wa kusubiri. Kipimo kinamwambia mtu kwamba umati umeogopa, lakini hakimwambii kama yeye mwenyewe ana uwezo wa kusubiri.

Upande wa kulia ni habari nyingine. Tamaa haina kikomo kama kile cha hofu, kwa kuwa anayetaka kununua anaweza kukopa, anaweza kuuza mali nyingine, na akiishiwa atatokea mwenzake ambaye jana hakujua hata hisa ni nini. Mfano ninaourudia kila ninapoulizwa ni wa kabla ya kipimo hiki kuwepo. Tarehe 5 Desemba 1996 Alan Greenspan, mwenyekiti wa benki kuu ya Marekani, aliuliza katika hotuba yake itajulikanaje kwamba shangwe isiyo na mantiki imezipandisha bei za mali kupita kiasi. S&P 500 ilikuwa 744.38 siku hiyo. Ilipanda hadi 1,527.46 tarehe 24 Machi 2000, zaidi ya mara mbili. Kisha likaja anguko la makampuni ya teknolojia, ambalo liliifanya faharisi ya Nasdaq, iliyojaa makampuni hayo, ipoteze zaidi ya robo tatu ya thamani yake, na bado S&P 500 ilipofika chini kabisa katika anguko hilo, tarehe 9 Oktoba 2002, ilikuwa 776.76. Aliyeuza siku ya hotuba kwa sababu umati ulikuwa umelewa alikuwa na haki kuhusu umati, na baada ya karibu miaka sita, katikati ya magofu ya soko, bado hakuweza kununua kwa bei aliyouzia. Ilibidi asubiri msiba mwingine, wa 2008 na 2009, ndipo bei ikashuka chini ya pale.

Mimi nilijifunza hayo kwa mfuko wangu, ingawa kwa kiwango kidogo. Mshale ulipovuka 75 kwa mara ya kwanza tangu nianze kuufuata, niliuza nusu ya nilichokuwa nacho, nikiwa na majivuno ya mtu aliyeng'amua jambo ambalo wengine hawakuling'amua. Soko halikunijibu. Liliendelea kupanda taratibu, wiki baada ya wiki, mshale ukiyumba kati ya 60 na 80 bila kuleta anguko nililoahidiwa na kichwa changu mwenyewe, na hatimaye nilinunua tena hisa zile zile kwa bei ya juu zaidi kwa sababu sikuweza kuvumilia kuachwa. Nilikuwa nimeingia katika mkumbo kwa mlango wa nyuma. Nilipopitia kumbukumbu zangu niligundua kwamba namba ya juu ya 75 haikuwa ikiashiria mwisho wa jambo lolote. Mara nyingi ilikuwa ni dalili kwamba hisa nyingi zinapanda kwa pamoja, hali ambayo kwa kawaida ni ya soko lenye afya.

Mwanauchumi wa Uingereza John Maynard Keynes aliufananisha uwekezaji, mwaka 1936, na shindano la gazeti ambalo msomaji hutakiwa kuchagua nyuso 6 nzuri zaidi kati ya picha 100, na zawadi humwendea yule ambaye chaguo lake limekaribia zaidi chaguo la wote. Katika shindano kama hilo hakuna faida ya kumchagua unayemwona mzuri. Unabashiri wengine watamwona nani kuwa mzuri, nao wanabashiri hivyo hivyo juu yako. Kipimo cha CNN sasa ni mojawapo ya picha hizo. Kinasomwa na watu wengi, nacho kinapotangaza hofu kuu wapo wanaonunua kwa sababu kimetangaza, na wapo wanaouza kwa sababu neno lenyewe limewatisha. Kwa sifa ya CNN niseme kwamba kipimo chao hakinunuliki wala hakiuziki. Hakuna anayeweza kuweka dau juu ya mshale wenyewe. VIX haikubahatika hivyo. Ilitengenezewa bidhaa za kila namna, mojawapo ikijulikana kwa herufi XIV, iliyowalipa wenye kuamini kwamba hofu itaendelea kulala. Kwa muda ililipa vizuri sana, umati ukajaa ndani yake, na tarehe 5 Februari 2018 S&P 500 iliposhuka kwa asilimia 4.1, VIX iliruka kutoka 17.31 hadi 37.32 kwa siku moja. XIV ilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya thamani yake na ikafungwa mwezi huo huo. Sehemu ya mruko ule ilitokana na bidhaa zenyewe kulazimika kununua kinga kwa pamoja jioni ile. Chombo cha kupimia hofu kilikuwa kimegeuka chanzo cha hofu.

Mfano huo unanileta kwenye udhaifu ambao kwa maoni yangu ni mkubwa kuliko ule wa kuhesabu bei mara nne: kipimo hakiwezi kumtofautisha anayeuza kwa kuogopa na anayeuza kwa kulazimishwa. Tarehe 19 Oktoba 1987 faharisi ya Dow Jones, ya makampuni makubwa 30 ya Marekani, ilianguka kwa asilimia 22.6 kwa siku moja, na sehemu ya mauzo hayo ilitoka kwenye mipango ya kompyuta iliyoagizwa iuze zaidi kila bei inaposhuka zaidi. Mashine hizo hazikuwa na moyo wa kuogopa. Mwekezaji aliyekopa kwa dalali ili anunue hisa huuziwa hisa zake dhamana inapopungua, atake asitake, hata kama ana imani kamili na makampuni aliyoyachagua. Machi 2020 uhitaji wa fedha taslimu ulikuwa mkali kiasi kwamba kwa siku kadhaa watu waliuza hata hatifungani za serikali ya Marekani, ambazo ndizo kimbilio la kawaida, na riba zake zikapanda wakati hisa zikianguka. Kiashiria kinachodhani kwamba mwenye hofu hukimbilia hatifungani hakikuundwa kwa siku za namna hiyo. Jambo hili lina maana kwa mnunuzi, kwa sababu mauzo ya kulazimishwa huisha ghafla deni linapokwisha kulipwa, lakini hofu ya kweli hukaa.

Kuna pia mambo ambayo kipimo hakiyaoni kabisa, na si haki kukilaumu kwa hayo, ila mtumiaji ayajue. Hakimwambii lolote mwenye hisa za masoko mengine ya dunia, isipokuwa kwa kiasi ambacho masoko hayo huyumba pamoja na New York. Wala hakioni wazimu unaojikusanya katika hisa moja. Januari 2021 hisa ya GameStop, kampuni ya Marekani yenye maduka ya michezo ya kompyuta, ilianza mwezi ikiwa karibu dola 17, na tarehe 27 ikafunga kwa dola 347.51, kwa bei za kabla ya kugawanywa kwa hisa hizo mwaka 2022; kufikia katikati ya Februari ilikuwa imerudi karibu na dola 50. Mifuko ya uwekezaji iliyokuwa imeazima hisa hizo na kuziuza ikitarajia bei ishuke ililazimika kuzinunua tena, na wanunuzi wadogo waliokuwa wakihimizana mtandaoni walilijua hilo. Hapo saikolojia ya umati ilionekana wazi kama pengine ilivyowahi kuonekana, lakini GameStop haikuwa hata miongoni mwa yale makampuni 500.

Wanaotaka kulinganisha wana chombo kingine kizee zaidi. Chama cha wawekezaji binafsi cha Marekani, AAII, kimekuwa kikiwauliza wanachama wake kila wiki tangu mwaka 1987 kama wanatarajia soko lipande, lishuke au litulie katika miezi sita ijayo. Nimesema juu kwamba mdomo ni dhaifu kuliko mfuko, na bado naamini hivyo kwa jumla, lakini matokeo ya tarehe 5 Machi 2009 yananinyima raha ya kuwa na uhakika: asilimia 70 ya waliojibu walitarajia kushuka, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa kabla yake, na siku nne baadaye soko likafika chini kabisa. Kile kilio cha waliochoka, ambacho VIX haikukisikia, kilisikika katika kura. Kwa hiyo mimi husoma vyote viwili, na vikipingana humpa mwenye kura sikio zaidi kuliko nilivyokuwa nikifanya zamani. Kuhusu kipimo chenye jina na sura kama hii kinachotolewa na watu wengine kwa ajili ya sarafu za kidijiti, niseme tu kwamba kimejengwa kwa viashiria vingine kabisa, na namba zake zisichukuliwe kana kwamba zinatoka kwenye mshale huu.

Kwa matumizi ya kila siku ukurasa wenyewe ni mwepisi na unaeleweka. Unaonyesha namba ya sasa pamoja na ya siku iliyotangulia, ya wiki moja, ya mwezi na ya mwaka uliopita, na maelezo ya kila kiashiria yameandikwa kwa lugha isiyohitaji shahada ya uchumi. Ulinganisho wa mwaka mmoja, hata hivyo, ni mfupi mno kwa chombo kinachodai kupima jambo ambalo hujidhihirisha mara chache katika muongo, na rangi zake zina ukali unaomsukuma mtu kutenda. Hili la mwisho si dogo. Watafiti Brad Barber na Terrance Odean walichunguza akaunti za kaya 66,465 katika miaka ya 1991 hadi 1996, wakakuta kwamba waliofanya biashara mara nyingi zaidi walipata asilimia 11.4 kwa mwaka wakati soko lenyewe lilitoa 17.9. Chombo kinachobadilika mchana kutwa humwalika mtu awe miongoni mwa hao.

Njia iliyonifaa ni hii. Ijumaa jioni, kabla ya kufungua ukurasa, huandika katika daftari kile ambacho moyo wangu unataka kufanya, kununua, kuuza au kukaa, pamoja na namba ninayodhani mshale unaonyesha. Kisha hufungua na kuandika namba halisi pembeni. Wiki nyingi nilizotaka kuuza, namba niliyobashiri na namba halisi zilikuwa karibu sana, na hapo nilijua kwamba nilichokuwa nikikiita uchambuzi wangu kilikuwa ni sauti ya umati ikipita kooni mwangu. Wiki chache ambazo nilitaka kuuza huku mshale ukiwa kulia, nilirudi kwenye hesabu za kampuni husika, na mara mbili nilikuwa na sababu ya kweli.

Nakipa kipimo hiki nyota tatu na nusu kati ya tano. Nusu nyota nimeiondoa kwa ajili ya bei zinazohesabiwa mara nne, na nyota moja nzima kwa ajili ya upande wa kulia, ambao ningefurahi kuuona ukichorwa kwa rangi moja ya kijivu kuanzia 55 hadi mwisho.